Kizazi cha Erica: Ng'ombe Weusi wa Ballindalloch na Nasaba Isiyokatika

Sisi watu wa Pwani nasaba tunaijua vyema. Mtu haendi kuposa mpaka ukoo wake uulizwe, na mgeni akiingia mtaani, kabla hajaulizwa afanya kazi gani, wazee humwuliza, "Wewe mwana wa nani? Na babako mwana wa nani?" Ziko nyumba Lamu na Mombasa zilizo na shajara zilizoandikwa kwa wino, majina yamefuatana kama shanga katika uzi, na mwenye nazo huziweka sanduku moja na hati za nyumba. Hata habari za farasi wa Bara Arabu, ambao Mabedui walikuwa wakiwataja kwa mama zao kizazi baada ya kizazi, si ngeni masikioni mwetu.

Lakini ng'ombe je? Kwa wengi wetu tuishio mjini, ng'ombe ni wa mchinjaji. Tunamjua akishafika buchani amening'inia, nasi twauliza kilo pesa ngapi na kama sarara ingaliko. Mamake alikuwa nani, na nyanyake je, hayo hayamjii mtu akilini.

Leo nataka kuwasimulia wasomaji habari za ng'ombe ambao mama zao wanajulikana tangu 1860 mpaka hivi sasa, bila kukatika, katika mikono ya ukoo mmoja na juu ya ardhi ile ile. Ni ng'ombe wa nyama, weusi ti, wasio na pembe, wa aina iitwayo Aberdeen Angus. Kwao ni Ballindalloch, kaskazini ya Uskoti, mahali ambapo mto Avon unaingia katika mto Spey. Bonde hilo la Spey linajulikana zaidi ulimwenguni kwa pombe inayopikwa huko. Hayo tuwaachie wenyewe. Mimi nilichokitafuta katika habari za bonde lile ni ng'ombe, maana nilitaka kujua jambo moja: kwa nini kundi hili limebaki na mengine yaliyokuwa makubwa kulishinda yakapotea?

WALIOTANGULIA

Ng'ombe weusi wasio na pembe walikuwako Uskoti zamani sana kabla hawajaandikwa na mtu. Watu wa jimbo la Angus waliwaita doddies, na watu wa Buchan, upande wa Aberdeen, waliwaita humlies. Majina mawili, maana moja: ng'ombe butu, asiye na pembe. Walikuwa ng'ombe wa maskini na wa tajiri, wa kukamwa, wa kuchinjwa na hata wa kulima.

Mtu wa kwanza kuwashika kwa mpango alikuwa Hugh Watson wa shamba la Keillor. Mwaka 1808, akiwa hajatimiza hata miaka 20, alianza na ng'ombe sita alioachiwa na babake, wazuri na weusi kupita wengine, pamoja na fahali mmoja. Hakuridhika. Alikwenda kwenye gulio la Trinity Muir karibu na Brechin akanunua mitamba kumi na fahali mwingine, kisha akaanza kuchagua: huyu abaki, huyu aende kwa mchinjaji. Fahali wake Old Jock ndiye aliyepewa nambari 1 ya mafahali katika daftari la ukoo lilipotungwa baadaye. Na ng'ombe wake jike Old Grannie, aliyezaliwa 1824, yasemekana aliishi miaka 35 na kuzaa ndama 29. Miaka 35 kwa ng'ombe ni umri wa kutajwa. Ng'ombe wa kawaida huwa amekwisha kabla ya kufika hata nusu yake.

Wa pili alikuwa William McCombie wa Tillyfour. Huyu hakuwa mwenye ardhi bali mpangaji, mtoto wa mfanyabiashara wa ng'ombe, lakini alikuwa na jicho. Katika siku zake reli ilifika Aberdeen, mwaka 1850, na jambo hilo likageuza biashara yote. Zamani ng'ombe walikokotwa kwa miguu mamia ya maili kwenda kusini, wakifika wamekonda, na anayewanenepesha ni mwingine. Sasa mfugaji wa kaskazini aliweza kumnenepesha ng'ombe nyumbani na kumpeleka London kwa siku chache tu, nyama ingali juu ya mifupa. McCombie alilifahamu hilo mapema. Mwaka 1868 aliingia bungeni, na mwaka 1878, katika maonyesho makubwa ya Paris, kundi lake la ng'ombe weusi liliwashinda ng'ombe wa nyama wa kila taifa, Wafaransa wenyewe wakiwa nyumbani kwao.

Na wa tatu alikuwa bwana mkubwa, Earl wa Southesk, mwenye kasri ya Kinnaird. Kundi lake lilikuwa miongoni mwa makundi bora ya wakati wake.

Msomaji ayaweke majina haya matatu akilini: Keillor, Tillyfour na Kinnaird. Nitayarudia.

GINI HAMSINI

Ballindalloch ni jumba la ngome, sehemu yake ya kale ikiwa ya karne ya 16. Tangu 1806 limekuwa la ukoo wa Macpherson-Grant. Mwaka 1850 mali yote hiyo ilimwangukia mtoto wa miaka 11, Sir George, wa tatu katika ukoo kushika cheo hicho cha kurithi. Alipopata utu uzima, mwaka 1860, alianza kundi lake la ng'ombe weusi. Hakuwa na haraka. Alikuwa kijana, alikuwa na ardhi, na alikuwa na muda; na katika kazi hii muda ndio rasilimali kubwa kuliko fedha.

Mwaka 1861 alikwenda katika mnada wa Kinnaird akanunua ng'ombe mmoja jike aliyeitwa Erica, nambari 843. Alilipa gini 50. Gini moja ilikuwa pauni na shilingi moja, kwa hivyo ni pauni 52 na shilingi 10. Kwa siku zile ilikuwa bei ya maana kwa ng'ombe mmoja, lakini si bei ya kumshangaza mtu. Hakuna aliyejua kwamba siku ile Sir George alikuwa amenunua nyumba nzima.

Erica alizaa wana wa kike, nao wakazaa. Kwa desturi ya wafugaji wale, ukoo wa ng'ombe hufuata upande wa mama. Ndama wa kike huhesabiwa katika nyumba ya mamake hata kama babake ametoka mbali, na jina lake huanza kwa herufi ya nyumba ile. Binti za Erica walikuwa akina Eisa na Enchantress. Wote E. Baadaye Sir George alinunua kutoka Tillyfour ng'ombe mwingine, Jilt, na wana wake madume wakawa Judge, Justice na Juryman. Wote J. Kwa hivyo mtu aliyesoma jina tu kwenye mlango wa zizi alikuwa amekwisha kujua huyu ni mjukuu wa nani.

Hapa nataka nisimame kidogo, maana ndipo penye siri ya kazi yote. Fahali mmoja huzaa watoto wengi kwa mwaka, na mwenye fedha aweza kumnunua fahali mzuri siku yoyote. Lakini ng'ombe jike hubeba mimba miezi tisa na huzaa ndama mmoja. Ukimpandisha leo kwa fahali uliyemchagua, ndama atazaliwa mwakani. Akiwa wa kike utamngoja yapata miaka miwili ndipo apandishwe, kisha miezi tisa tena ndipo umwone akizaa, na kunyonyesha, na kulea. Miaka minne imepita kabla hujajua kama uamuzi wako ulikuwa wa busara au wa kijinga. Mtu ana nafasi ngapi za miaka minne katika maisha yake? Kumi, labda kumi na mbili. Ndiyo sababu fahali ni mgeni na jike ndiye mwenye nyumba, na ndiyo sababu kundi la nasaba haliwezi kujengwa na mtu mmoja akalimaliza. Lazima aje mwanawe alishike pale alipoliachia.

SOTOKA

Mwezi wa Mei 1865 meli iliyobeba ng'ombe kutoka nchi za Baltiki ilitia nanga Hull, Uingereza. Miongoni mwa ng'ombe wale walikuwamo wenye sotoka. Walipelekwa sokoni London, na kutoka sokoni ugonjwa ukasambaa kama moto wa makuti. Kabla haujazimwa mwaka 1867, mamia ya maelfu ya ng'ombe walikuwa wamekufa au wamechinjwa na kuzikwa. Upande wa Aberdeen, wafugaji, McCombie akiwa mmoja wa viongozi wao, waliunda umoja wao, wakachangishana fedha na kuua kila ng'ombe aliyeonyesha dalili, wakauzuia.

Kinnaird haikuwa na bahati hiyo. Kundi la Earl wa Southesk, lililochukua miaka mingi kujengwa, liliangamizwa.

Msomaji ataona hapa kudra ilivyofanya kazi. Lau Erica hangeuzwa mwaka 1861, angekuwako Kinnaird mwaka 1865. Kuuzwa kwake, ambako wakati ule kulikuwa kupungua kwa kundi la Southesk, ndiko kulikouokoa ukoo wake. Damu ya Kinnaird iliyobaki ilikuwa ile iliyokwisha kutoka nje ya lango.

Sotoka ile ile sisi twaijua. Iliingia Afrika kupitia Massawa mnamo 1887, ikashuka kusini, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1890 ilikuwa imewafanya Wamasai na wafugaji wengine wa Afrika Mashariki kuwa watu wasio na kitu. Mwaka 1896 ilikuwa imevuka Zambezi. Na dawa yake ilitoka hapa hapa Kenya. Katika maabara ya Muguga, karibu na Kikuyu, Walter Plowright na wenziwe walitengeneza chanjo ambayo matokeo yake yalitangazwa mwaka 1962, nayo ndiyo iliyotumika kuufukuza ugonjwa huo nchi baada ya nchi. Mara ya mwisho sotoka kuthibitishwa ulimwenguni ilikuwa 2001, kwa nyati wa mbuga ya Meru, na mwaka 2011 ilitangazwa rasmi kwamba imekwisha duniani. Kwa hivyo ugonjwa uliolimaliza zizi la Kinnaird ulizikwa katika ardhi ya Kenya.

DAFTARI

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ng'ombe weusi wa Uskoti karibu wapotewe na daftari lao kabla halijaanza. Karatasi za kwanza zilizokusanywa zilichomeka katika moto mjini Edinburgh mwaka 1851. Ikabidi kazi ianze upya, na mwaka 1862 Edward Ravenscroft akatoa kitabu cha kwanza. Mwaka 1879 wafugaji wakaunda chama cha kulitunza daftari hilo, na chama hicho kingaliko.

Ndani ya daftari hakuna mashairi wala sifa. Kuna jina, nambari, tarehe ya kuzaliwa, baba, mama, mfugaji na mwenye mali. Basi. Lakini hebu tufanye hesabu. Kila ng'ombe ana wazazi 2, wazee wa wazazi 4, na nyuma yao 8. Ukirudi vizazi kumi unakuta nafasi 1,024. Tukikisia kwamba kizazi kimoja cha ng'ombe ni miaka mitano, tangu 1860 vimepita vizazi zaidi ya 30. Hakuna kichwa cha binadamu kiwezacho kuyabeba hayo. Karatasi yaweza.

Na daftari lina faida nyingine ambayo watu husahau: ni shahidi. Mwenye kundi hawezi kusema ng'ombe wake ni wazuri tu kwa sababu ni wake. Ndama akizaliwa na kasoro, jina la babake liko pale, na la mamake liko pale, na kila jirani aweza kusoma.

Sir George alifariki 1907. Kundi likashikwa na mwanawe, kisha mjukuu, na baada yao Sir Ewan, wa sita katika cheo. Alipofariki Sir Ewan mwaka 1983 hakuwa na mtoto wa kiume wa kurithi cheo, na kwa kuwa cheo hicho hufuata wanaume tu, kilizikwa naye. Lakini jumba, shamba na ng'ombe vilikwenda kwa binti yake, na yeye na kizazi chake wakaendelea. Sijui kama wasomaji wanaliona hili kama ninavyoliona mimi. Zizini, tangu mwanzo, nyumba ilikuwa ikihesabiwa kwa binti. Jumbani ilihesabiwa kwa mwana wa kiume, mpaka mwana wa kiume alipokosekana. Na hapo ni binti aliyelifunga pengo.

Na yale makundi matatu niliyoyataja? Keillor liliuzwa Watson alipozeeka, yapata 1860, ng'ombe wakatawanyika. Kinnaird liliuawa na sotoka. Tillyfour, lililoishinda Paris nzima, lilipigwa mnada 1880, mwaka aliokufa McCombie. Watson na McCombie walikuwa wafugaji mabingwa, na wajuzi wengi huwataja wao kwanza kabla ya Sir George. Walichokikosa si ujuzi. Walikosa wa kuwapokea.

JINA PEKE YAKE HALITOSHI

Mwaka 1873 mtu aitwaye George Grant alivusha mafahali wanne weusi mpaka Kansas, Marekani. Walipoonyeshwa Kansas City watu waliwacheka. Ng'ombe gani huyu hana pembe? Miaka kumi baadaye, 1883, chama cha wafugaji wa ng'ombe hao kilifunguliwa Chicago. Leo Marekani ndiko waliko kwa wingi kuliko kwao, na hata mtu asiyewahi kuliona zizi akisikia neno Angus hujua ni nyama.

Lakini sifa ni kitu cha hatari. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ilizuka mitindo katika minada. Wanunuzi wa ng'ambo walitaka fahali mfupi, mnene, aliyejaa kama pipa, na wafugaji wakawapa walichotaka. Kila mwaka ng'ombe walizidi kuwa wafupi. Marekani, katika miaka ya 1940 na 1950, wakaanza kuzaliwa ndama vibeti wasioweza hata kupumua vizuri. Ilikuwa dosari iliyofichika katika damu: ndama akiirithi kwa mzazi mmoja haonekani na kitu, akiirithi kwa wazazi wote wawili huzaliwa kibeti. Kwa kuwa kila mtu alitaka mbegu ya mafahali wale wale wachache, jamaa walipandishwa kwa jamaa na kilichofichika kikafichuka. Daftari ndilo lililosaidia, maana kwa kuzifuata nasaba za vibeti nyuma ndipo wafugaji walipowajua mafahali walioibeba dosari. Jambo la namna hiyo lilizuka tena mwaka 2008, ndama wakizaliwa wamekufa na viungo vimepinda, na kizazi chao kikafuatwa mpaka kwa fahali mmoja maarufu ambaye mbegu yake ilikuwa imeuzwa kila mahali kwa mrija.

Kisa cha kuchekesha, na cha kusikitisha, ni cha Februari 1963. Katika mnada wa Perth, Uskoti, fahali aliyeitwa Lindertis Evulse alinunuliwa na Mmarekani kwa gini 60,000. Hizo ni pauni 63,000, na haikuwahi kusikika duniani bei ya fahali kama hiyo. Magazeti yalimwandika, picha zikapigwa. Kisha ikagunduliwa kwamba hazai. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Alikuwa na nasaba, alikuwa na umbo, alikuwa na jina. Alichokosa ni kile kimoja ambacho fahali aliumbiwa.

Wakati huo huo, mwaka 1961, Uingereza ilianza kuingiza ng'ombe warefu weupe wa Charolais kutoka Ufaransa, na wachinjaji wakaona tofauti kwenye mizani. Ng'ombe weusi wafupi wakapoteza soko. Wafugaji wengi wa Aberdeen Angus ikawalazimu kuagiza mafahali warefu wa ukoo ule ule kutoka Canada na Marekani ili kuwarudishia ng'ombe wao kimo. Matokeo yake, wale wa asili kabisa wa Uskoti, wasio na damu iliyokwenda ng'ambo ikarudi, walipungua mno hata wakaingizwa katika orodha ya mifugo adimu ya Uingereza. Fikirini: jina limeenea dunia nzima, na mwenye jina wa asili anahesabika.

Ballindalloch imepita katikati ya mawimbi hayo yote. Kundi lake leo linatambuliwa kuwa ndilo kongwe kuliko yote ya Aberdeen Angus duniani. Sidhani lilidumu kwa kuwa lilishinda kila maonyesho, maana hakuna ashindaye daima. Nionavyo, lilidumu kwa kuwa kila mwaka aliyelishika alifanya kazi ile ile isiyo na tarumbeta: kuandika, kupima, kuchagua, na kumpeleka kwa mchinjaji asiyefaa hata kama mamake ana jina.

NA SISI JE?

Wapo watakaoniuliza, ng'ombe wa Uskoti watuhusu nini? Nitawajibu kwa kuwapeleka karibu na nyumbani, mto Tana.

Wazungu walipoleta ng'ombe wa kwao Kenya mwanzoni mwa karne ya 20, wengi walikufa kwa ndigana na magonjwa mengine. Mwishowe wenye mashamba makubwa wakageukia ng'ombe aliyekuwako tayari, mwenye nundu, wa Waborana wa mpaka wa Uhabeshi. Mwaka 1951 wakaunda chama na daftari, na ng'ombe wa Boran akapata nambari na shajara kama Erica. Leo mbegu yake imefika Australia na Afrika Kusini, na huko anauzwa kwa fedha nyingi.

Lakini yuko ndugu yake asiye na daftari. Ni Boran wa Waorma, ndugu zetu wafugaji wa Tana. Ng'ombe huyu ameishi vizazi vingi katika vichaka vyenye ndorobo, wale mbung'o waletao nagana. Katika miaka ya 1980 wataalamu walimjaribu katika shamba la Galana, nyuma ya Malindi, pamoja na Boran wa daftari. Ilionekana kwamba wa Waorma huambukizwa kidogo zaidi, na akiambukizwa hustahimili zaidi bila ya sindano. Hiyo si sifa ya kununuliwa dukani. Ni kazi ya ndorobo na ya wazee, waliokuwa wakimbakiza ng'ombe aliyepona na mtoto wa aliyepona.

Nimewahi kuketi na wazee wa Kiorma upande wa Garsen, nikawasikia wakitaja ng'ombe mmoja, kisha mamake, kisha mama wa mamake, na mwaka gani walivuka mto, na ukame gani uliowapunguza. Sikuona karatasi, na wala hawakusita. Nilipowasikia nilifahamu kwamba nilikuwa nasikiliza daftari, ila limeandikwa katika kifua cha mtu. Na daftari la kifuani lina adui wawili: kifo cha mwenye kifua, na kifo cha ng'ombe wenyewe. Ukame wa 2020 mpaka 2023 uliua zaidi ya mifugo milioni 2 nchini Kenya. Mtu aliyebaki na ng'ombe watatu kati ya hamsini hawezi kuchagua fahali. Hununua yeyote aliyeko sokoni, mradi ana miguu minne. Baada ya vizazi vitatu au vinne vya hivyo, ile damu iliyojifunza kuishi na ndorobo yaweza kuyeyuka kama chumvi majini, na hakuna atakayejua ilipotelea wapi kwa kuwa haikuandikwa ilikokuwa.

Sisemi Waorma wajenge majumba ya ngome wala wapeleke ng'ombe Paris. Nasema vijana wao sasa wanakwenda shule na wana kalamu, na wengi wana simu mifukoni. Kuandika jina la ndama, siku aliyozaliwa, babake na mamake, ni kazi ya dakika mbili, na haihitaji ruhusa ya serikali wala mkopo wa benki. Wazee wangaliko wa kuulizwa. Sir George alianza akiwa kijana, kwa gini 50 na kitabu, na asingaliweza kuanza lau waliomtangulia hawakuwa wameandika jina la Erica na la mamake. Yeyote mwenye babu aliye hai huko Tana anayo rasilimali kubwa kuliko gini hizo. Naachukue daftari la shule, aketi chini ya mti na mzee wake, aanze na ng'ombe wa kwanza atakayetajwa.